Hiyo Kumi Iko Wapi?

Jumapili moja alasiri, Likoni, Mombasa, tulikaa uani kwa mwenyekiti, chini ya mwarobaini. Nilikuwa nimemaliza kuwasomea wanachama taarifa ya mwaka. Chama ni cha akina mama wauza leso. Mama yangu yumo, nami huwaandikia hesabu. Mstari wa mwisho wa taarifa niliuandika kwa wino mzito: "Kwa miaka mitatu, mauzo yetu yamekua kwa wastani wa asilimia 10 kwa mwaka." Makofi yakapigwa. Sinia ya mahamri ikaanza kuzunguka.

Hapo bibi mmoja, mkubwa wa umri kuliko wote na mmoja wa waasisi, akainua mkono.

"Mwanangu, hiyo kumi iko wapi?"

Nikamweleza nilivyopiga hesabu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa kijidaftari mkobani. Yeye haandiki asilimia. Huandika pea za leso kwa vijiti: vinne vimesimama, cha tano kinavikata kati. Akanionyesha ukurasa wa 2021, halafu wa 2024. Vijiti vilikuwa karibu sawa.

"Kumi mara tatu ni thelathini," akasema. "Mimi hapa naona tano, sita hivi. Hizo nyingine kala nani?"

Ua mzima ukanyamaza. Kwenye chama, swali la nani kala si swali dogo. Mweka hazina akanitazama.

Hakuna aliyekula. Pesa zilikuwapo zote, risiti zote ziko kwenye faili. Nilirudi nyumbani nikapiga hesabu upya mara mbili, na mara zote mbili kumi ikatoka kumi. Bibi naye hakukosea kitu. Hilo ndilo lililoninyima raha kwa wiki kadhaa: hesabu mbili sahihi, na moja imekaribia kumvunjia mtu heshima.

Daftari lenyewe

Nimezikata tarakimu kidogo ili zihesabike kichwani. Mwaka 2021 tuliuza pea 1,000. Mwaka 2022, mwaka wa uchaguzi, oda za kampeni na za harusi zikafuatana, tukafika 1,600. Mwaka 2023 tukaanguka hadi 960. Mwaka 2024 tukajikokota hadi 1,056.

Kwa asilimia: tumepanda 60, tumeshuka 40, tumepanda 10. Jumlisha, unapata 30. Gawa kwa tatu, unapata 10. Hiyo ndiyo kumi yangu.

Sasa tazama pea zenyewe. Kupanda kwa asilimia 60 kulituongezea pea 600. Kushuka kwa asilimia 40 kulituondolea pea 640.

Arobaini imekula kuliko sitini.

Ni kwa sababu sitini ilikuwa sitini ya 1,000, na arobaini ilikuwa arobaini ya 1,600. Mimi nilizijumlisha kana kwamba zimekatwa kutoka mkate mmoja. Aliyeanza na 1,000 akaishia na 1,056 amekua kwa asilimia 5.6 kwa miaka yote mitatu, kama bibi alivyoona kwenye vijiti vyake. Ukitaka kiwango kimoja ambacho kikizidishwa juu ya chenyewe mara tatu kitakutoa 1,000 na kukufikisha 1,056, ni asilimia 1.8 kwa mwaka.

Tofauti ya 10 na 1.8 si ya kwenye karatasi tu. Kwa asilimia 10, mauzo huwa mara mbili ya mwanzo kwa miaka saba na kidogo. Kwa 1.8, unangoja karibu miaka arobaini. Na ule mstari wa wino mzito ulikuwa uingie kwenye maombi ya mkopo.

Nilikuwa karibu kuwafunga akina mama ishirini na watatu kwenye marejesho yaliyopimwa kwa kumi ambayo haijapata kuwapo.

Robo ya pili ya 2021

Ukishaliona jambo hili mahali pamoja, unaanza kuliona kila mahali. Nikakumbuka taarifa iliyotufurahisha wengi hapa Kenya: uchumi ulikua kwa asilimia 10.1 katika robo ya pili ya 2021. Nilipoisoma wakati ule nilipumua. Nilijiambia, tumetoka.

Safari hii nikaisoma nikiwa na kijidaftari cha bibi akilini.

Takwimu zetu za robo mwaka hulinganisha robo na robo ile ile ya mwaka uliopita. Robo ya pili ya 2020 ilikuwa ile ya kafyu, ya shule kufungwa, ya Mombasa kufungiwa hakuna kuingia wala kutoka. Takwimu hizo hizo zinasema robo ile uchumi ulishuka kwa asilimia 4.7. Basi chukua uchumi wa robo ya pili ya 2019 uuite 100. Mwaka unaofuata unakuwa 95.3. Ongeza asilimia 10.1 juu ya 95.3, unapata 104.9.

Miaka miwili, asilimia 4.9. Kwa mwaka ni 2.4.

Halafu kuna watu. Sensa ya 2009 ilituhesabu milioni 38.6, ya 2019 ikatuhesabu milioni 47.6. Ni ongezeko la asilimia 23 kwa miaka kumi. Ukigawa kwa kumi unapata 2.3, ila hili nalo ni kosa langu lile lile, kwa kuwa watoto wa mwaka huu nao wanakuja kuzaa. Kiwango cha kweli cha mwaka ni 2.1. Kama watu waliendelea kuongezeka kwa kasi hiyo, basi kwa kila kichwa uchumi ulisogea kwa asilimia 0.3 hivi kwa mwaka.

Kutoka 10.1 hadi 0.3, na hakuna aliyedanganya popote njiani.

Nilikaa na jambo hilo usiku mzima. Asilimia 10.1 inajibu swali lake: robo hii imeizidi robo ile ya balaa kwa kiasi gani? Lakini sisi tuliokuwa tukisoma tulikuwa na swali jingine kabisa. Tulitaka kujua kama tumerudi tulipokuwa, na kama tumesonga mbele.

Hoteli ndizo zilizonielewesha zaidi, maana hapa pwani kila nyumba ina mtu wa hoteli. Kwa hesabu zilizotolewa mwaka ule, sekta ya malazi na vyakula ilishuka kwa asilimia 83.3 katika robo ile ya 2020. Penye 100 pakabaki 16.7. Ili kurudi penye 100, sekta hiyo ilipaswa kujizidisha mara sita, yaani ikue kwa karibu asilimia 500. Hebu fikiria imekua kwa asilimia 100, magazeti yote yameandika. Kumbe imefika 33.4, na jirani yako mpishi bado yuko nyumbani anakaanga viazi vya karai barazani.

Mwezi unaohama

Nilidhani dawa ni rahisi: tusilinganishe na mwaka uliopita, tulinganishe mwezi na mwezi unaoutangulia. Mama alicheka nilipomwambia.

"Leso utazilinganisha za Ramadhani na za baada ya Idd?"

Kweli. Mauzo yetu hupanda kumi la mwisho la Ramadhani na kulala Idd ikipita. Ukilinganisha mwezi na mwezi, utatangaza ushindi na maafa kila mwaka, na vyote viwili ni kalenda tu. Ndiyo maana watu wa takwimu hulinganisha Aprili na Aprili, robo na robo yake. Msimu unajifuta wenyewe.

Isipokuwa Ramadhani haikai Aprili. Kila mwaka huja mapema zaidi kwa siku kumi, kumi na moja. Mwaka 2024 Idd el-Fitri iliangukia tarehe 10 Aprili, kwa hiyo siku zile za mbio, za watu kupanga foleni mpaka saa nne za usiku, zilikuwa ndani ya Aprili. Mwaka 2025 Idd ikaja mwisho wa Machi. Aprili ya 2025 ikawa kavu. Ukilinganisha Aprili kwa Aprili utadhani biashara imekufa, na ukilinganisha Machi kwa Machi utadhani tumefufuka. Tena Idd imevuka mpaka wa robo: ilikuwa robo ya pili, sasa imo robo ya kwanza.

Mama hana shida hiyo. Huhesabu kutoka mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, hadi mfungo mosi. Mwaka wake una siku 354 au 355, na ndani yake kuna Ramadhani moja, kila mara. Ofisi za takwimu katika nchi za Kiislamu zina mbinu zao za kuisahihisha sikukuu inayohama, hesabu nzito za kompyuta. Mama anatumia mwezi mwandamo.

Thelathini na mbili ya Marekani

Kuna tarakimu moja ya mwaka 2020 ambayo nadhani iliwatisha watu wengi kuliko ilivyostahili. Mwishoni mwa Julai, Marekani ilitangaza hesabu yake ya kwanza ya robo ya pili: uchumi umeporomoka kwa asilimia 32.9. Wiki mbili baadaye Uingereza ikatangaza ya kwake: asilimia 20.4. Nakumbuka mjadala kwenye kundi letu la WhatsApp. Wote tulikubaliana Marekani ndiyo iliyoumia zaidi.

Ilikuwa kinyume, na kwa mbali.

Uingereza ilitangaza kushuka kulikotokea ndani ya miezi mitatu. Marekani, kwa desturi yake, hutangaza kiwango cha mwaka: ikiwa robo hii ingejirudia mara nne mfululizo, mwaka mzima ungekuwaje? Robo yenyewe Marekani ilishuka kwa asilimia 9.5. Zidisha 0.905 mara nne, unabaki na 0.671. Hapo ndipo 32.9 ilipotoka. Ukiipima Uingereza kwa kipimo hicho hicho unapata kushuka kwa karibu asilimia 60.

Sielewi vizuri kwa nini desturi hii inadumu. Nyakati za utulivu haina madhara, na inasaidia kulinganisha robo na mwaka. Lakini robo ile isingejirudia mara nne. Kila mtu alijua maduka yatafunguliwa. Robo iliyofuata ikatangazwa kukua kwa asilimia 33.1, na wapo waliosema pengo limezibwa na chenji imebaki. Kwa robo ni asilimia 7.4. Zidisha 0.905 kwa 1.074: unapata 0.972. Bado walikuwa chini ya mwanzo kwa karibu asilimia 3.

Kushuka 32.9, kupanda 33.1, na bado hujafika nyumbani. Ni sitini na arobaini yangu tena.

Ncha mbili

Kufikia hapo nilikuwa nimeshaamua. Nifute 10, niandike 1.8, nimwombe bibi radhi. Nikamwandikia mwalimu wangu wa zamani wa hisabati nikimweleza nilivyogundua. Akanijibu kwa swali.

"Na ukianzia 2022?"

Nikapiga. Kutoka 1,600 hadi 1,056 kwa miaka miwili ni kushuka kwa asilimia 18.8 kila mwaka. Nikianzia 2023, tumekua kwa 10. Nikianzia 2021, 1.8. Kiwango hiki cha kuzidisha hutazama ncha mbili tu, mwanzo na mwisho. Kilichopita katikati hakikioni. Anayechagua mwaka wa kuanzia ndiye anayechagua jibu, na mimi nilikuwa nimeanzia 2021 kwa sababu tu daftari la nyuma yake lililoa maji.

Mwalimu akanielekeza kwenye logi, hesabu inayogeuza kuzidisha kuwa kujumlisha. Nilizisoma shuleni nikazisahau, na sasa ndiyo nimeona kazi yake. Chukua shilingi yetu mwaka 2023: ilianza mwaka dola ikiwa takriban shilingi 123, ikamaliza kwenye 156 hivi. Ukisema dola imepanda, ni asilimia 27. Ukisema shilingi imeshuka, ni asilimia 21. Tukio ni moja, asilimia mbili. Kwa logi asilia, ukiizidisha kwa mia, kupanda ni 24 na kushuka ni 24. Tena logi zinajumlishika bila kudanganya: sitini yetu inakuwa 47.0, arobaini inakuwa 51.1, kumi inakuwa 9.5. Arobaini inaonekana wazi kuwa kubwa kuliko sitini. Jumla ni 5.4, na ukiirudisha kwenye asilimia ya kawaida unapata ile 5.6 ya bibi.

Laiti ningeliandika hivyo tangu mwanzo.

Kisha akanionyesha njia ya kutozitegemea ncha. Unaweka logi ya kila mwaka kama nukta kwenye karatasi ya miraba, unachora mstari ulionyooka unaopita karibu iwezekanavyo na nukta zote, na mwinamo wa mstari huo ndio kiwango cha ukuaji. Benki ya Dunia imeutumia utaratibu huu katika majedwali yake ya miaka mirefu. Nikauchora wa kwetu.

Mstari ukainama chini. Asilimia 3.4 kwa mwaka, kushuka.

Niliurudia mara tatu. Daftari moja, nukta nne, na sasa nilikuwa na majibu matatu: tunakua kwa 10, tunakua kwa 1.8, tunapungua kwa 3.4. Mstari unainama kwa sababu mlima wa 2022 uko upande wa kushoto, nao unauvuta juu kule mwanzoni. Kwa nukta nne tu, mwaka mmoja una nguvu mno. Nisingemkopesha mtu kwa mstari huo, wala nisingemnyima. Kwa miaka thelathini ni habari nyingine, hapo mwaka mmoja wa ajabu hauwezi kuuteka mstari mzima. Lakini sisi hatuna miaka thelathini. Tuna minne, na mmoja wao ulikuwa wa uchaguzi.

Hapa ndipo nilipokwama zaidi kuliko mahali pengine popote. Nilikuwa nikitafuta kipimo kilicho sahihi, na vyote vilikuwa sahihi.

Ya bei, kwa ufupi

Mweka hazina alikuwa na pendekezo lake: tuhesabu kwa shilingi. Pea iliyouzwa 600 mwaka 2021 ilikuwa 850 mwaka 2024. Kwa shilingi, mauzo yametoka 600,000 hadi 897,600, karibu asilimia 50. Ilikuwa tarakimu nzuri kuitazama. Ila leso zetu nyingi huchapishwa India, na bei ilipanda pamoja na dola. Bei ile haikutuachia kitu mkononi, ilipita tu.

Serikali nazo huondoa bei kabla ya kusema uchumi umekua, kwa kuchagua mwaka wa kizio na kupima kila kitu kwa bei za mwaka huo. Nao ukibadilishwa, historia yote hubadilika sura. Septemba 2014 Kenya ilihamisha mwaka wa kizio kutoka 2001 hadi 2009, na Pato la Taifa la 2013 likaongezeka kwa asilimia 25 bila kiwanda kipya hata kimoja. Miezi michache kabla ya hapo, Nigeria ilihama kutoka 1990 hadi 2010 na uchumi wake ukaongezeka kwa asilimia 89, ukaipita Afrika Kusini. Simu za mkononi na filamu zilikuwapo hata kabla ya hapo. Vipimo vya 1990 havikuwa na mahali pa kuziweka. Hata ile 4.7 niliyoitumia hapo juu ilitangazwa kwanza kama 5.7, kabla ya Kenya kuhamia kizio cha 2016.

Sioni ubaya katika kusahihisha. Ubaya ni kuchukua tarakimu ya kizio hiki na ya kizio kile, ukatoa moja kwa nyingine, ukaita ukuaji.

Karatasi ya miraba

Mkutano uliofuata sikuandika mstari wowote kwa wino mzito. Nilichukua karatasi kubwa ya miraba nikaibandika kwenye ukuta wa jiko la mwenyekiti, nikachora nguzo nne kwa rangi ya samawati: 1,000, 1,600, 960, 1,056. Hakuna asilimia juu yake. Asilimia niliziweka kwenye karatasi ndogo ya pembeni, kila moja na mwaka iliyoanzia na njia iliyopatikana. Wachache waliisoma. Nilimwomba bibi radhi mbele ya wote, na mweka hazina naye, kwa ule ukimya wa siku ile.

"Wala usijali, mwanangu," bibi akasema. "Nilitaka kuona tu."

Akainuka, akakaribia ukutani, akaweka kidole juu ya nguzo ya 1,600, akakishusha polepole hadi 960, akakiacha hapo. Akina mama wakaanza kusema wote kwa pamoja. Mmoja akataja dola. Mwingine akataja oda za kampeni, kwamba zile hazikuwa wateja. Wa tatu akasema kuna wasichana wanauza leso kwa simu, wanapiga picha asubuhi na jioni mzigo umeshapelekwa Kilifi. Hakuna aliyetaja ukuaji. Maombi ya mkopo yalibaki kwenye bahasha chini ya sinia, hatukuyafungua siku ile, na magharibi ilipoadhiniwa kidole cha bibi kilikuwa bado kimeacha alama ya mafuta ya mahamri pale kwenye nguzo ya tatu.